Sauti ya Baba Baada ya Gwaride

Mtoto aliyelelewa kambini huzijua sauti nyingi kabla hajajua kusoma. Hulijua tarumbeta la alfajiri na lile la usiku, huijua filimbi ya sajini, hukijua kishindo cha buti za watu mia wanaogeuka kama mtu mmoja, na kwa kishindo hicho huweza kutambua kama gwaride la leo ni la kawaida au kuna mkubwa anayetazamiwa. Aghalabu huijua pia sauti ya baba yake kwa mbali, akiwa kiwanjani, nayo ni sauti kali isiyoacha nafasi ya jibu. Leo twapenda kuzungumza nanyi, ndugu zetu wa jeshi na wa polisi, juu ya sauti nyingine ya baba huyo huyo, ambayo baadhi yetu tuliokulia katika nyumba za kambi tulibahatika kuisikia: sauti yake alipokuwa akitusomea kitabu.

Nyumba zenyewe mwazijua. Vile vibanda vya mviringo vya mabati, ambavyo mlango wake ni mfupi hata vikapewa jina la "mama ingia pole", havikujengwa kwa ajili ya starehe ya kusoma. Mchana huwaka kama tanuri, na mvua inyeshapo mtu hamsikii mwenziwe aliye kando yake. Pazia moja huigawa nyumba pande mbili. Huku kitanda cha wazazi, huko mkeka wa watoto, masanduku, ndoo na jiko. Taa yetu ilikuwa tadoba, yaani kopo lenye utambi na mafuta, ambalo moshi wake ulituachia masizi puani hadi asubuhi. Hata hivyo humo ndimo tulimosomewa. Baba alirudi kutoka zamu, akavua mkanda, akafungua buti, akanawa, akala posho na maharage pasipo maneno mengi, kisha akaketi juu ya sanduku la chuma na kukitoa kitabu chini ya mto. Watoto wa koplo jirani, ambao masikio yao yalikuwa yakingoja upande wa pili wa bati, walikuwa wamekwisha ingia kabla ukurasa haujafunuliwa.

Baba hakuwa msomaji hodari. Kiswahili chake alikiokota jeshini, hakuzaliwa nacho, na maneno ya pwani yalimpa taabu. Alifuata mstari kwa kidole. Alipokutana na neno refu alipunguza mwendo, kama lori linalopanda mlima na mzigo, akalirudia mara mbili, na alipokwisha kulivuka akaendelea kwa kasi ya furaha. Nasi tuliyapenda maneno yale kuliko mengine, kwa kuwa tulijua tangu mbali kwamba yanakuja. Hekaya za Abunuwasi tulizijua kwa moyo, na kama baba, kwa uchovu wa lindo, aliruka mistari ili alale mapema, tuliinuka sote mkekani kupinga. Hapo ndipo mtu ambaye mchana hakuna aliyethubutu kumjibu alipotii amri ya watoto watano, akarudi nyuma na kusoma mistari aliyoiruka.

Mtu mzima asikiaye habari hizi hudhani kwamba mtoto apendacho ni hadithi. Ni kweli, lakini si kweli yote. Abunuwasi tuliweza kusimuliwa na mtu yeyote; wazee wa kambi walikuwa nazo hekaya zake nyingi kuliko kitabu. Tulichokuwa tukikingoja ni baba yetu mwenyewe, aliyekaa mahali pamoja kwa muda wa nusu saa, asiyekuwa na jambo la kumwamuru mtu, na sauti yake ikipanda na kushuka kwa ajili yetu tu.

Kitabu kilichokaa sana chini ya mto ule ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Waliokisoma wanakumbuka kwamba Adili ni liwali wa mji wa Janibu, mtu mwema asiyedhulumu raia, lakini kila usiku huwatoa manyani wawili na kuwapiga kwa mjeledi. Manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa kwa ubaya wao, na Adili ameamriwa na jini kuwaadhibu usiku baada ya usiku. Asipofanya hivyo adhabu itamrudia yeye. Basi huwapiga, kisha huwabembeleza na kuwalisha, naye mwenyewe hulia.

Tulikuwa tumekwisha sikia sehemu hiyo mara nyingi, pale mmoja wetu, mdogo kuliko sote, alipouliza: "Baba, na wewe ukiambiwa utupige sisi kila usiku, utatupiga?"

Baba alikuwa askari wa miaka mingi. Alikaa kimya, akasema kwamba tumefika mwisho wa ukurasa, na haikuwa hivyo; akapuliza tadoba. Usiku wa pili alipofungua kitabu alitanguliza maneno yake kabla hajasoma. Alisema kwamba mwandishi hakuandika bure kuwa Adili alilia, na kwamba mtu anayelia huku akitii anatafuta njia ya kutoka. Kisha akasoma moja kwa moja, pasipo kusimama, mpaka Mfalme Rai anapoingilia shauri lile na ndugu wawili wakarudishiwa umbo lao. Tulipata umri mkubwa kabla hatujatambua ni swali la namna gani tulilomwuliza mtu wa kazi ile. Wala hatudhani kwamba angelizungumza jambo hilo na watoto wake kwa njia nyingine yoyote. Katika mazungumzo ya kawaida baba wa kambini hasemi habari za amri. Kitabu ndicho kilichomlazimisha.

Tusimsahau mama. Hakuwa na kitabu chake, lakini chumvi, sukari na nyama vilifungwa katika magazeti, na kila karatasi iliyoingia nyumbani ilisomwa kabla ya kuwashiwa moto. Kwa kuwa muuzaji aliyachana magazeti bila kujali habari, hadithi zake zilianzia katikati na kukatika pembeni. Mama hakushindwa. Alisoma kilichokuwapo, na palipochanika akaendelea kwa maneno yake mwenyewe huku macho yake yakiwa bado juu ya karatasi, hata hatukujua mwandishi ameishia wapi na mama ameanzia wapi. Twaamini kwamba hadithi zilizokuwa nzuri zaidi ni zile zilizochanika mapema.

Barua za nyanya

Katika nyumba nyingi za nchi hizi, hata hivyo, msomaji hakuwa mkubwa wa nyumba. Wenzetu wa nchi nyingine hukumbuka jinsi babu na nyanya walivyowasomea; kwetu mara nyingi nyanya ndiye aliyesomewa, na msomaji alikuwa mjukuu wa miaka tisa aliyetumwa shule kwa sababu hiyo hasa. Jambo hili lina historia inayowahusu askari.

Jeshi la King's African Rifles liliundwa mwaka 1902 kwa kuunganishwa vikosi vya Uganda, vya Afrika Mashariki na vya Afrika ya Kati, na lugha yake ya kuelewana ikawa Kiswahili. Vita Kuu ya Pili ilipotokea, maelfu ya watu wa nchi hizi walipelekwa mbali kuliko walivyowahi kufikiri. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita katika bonde la Kabaw huko Burma, wakati wa mvua kubwa, katika matope na malaria, ikiwafukuza Wajapani kuelekea mto Chindwin. Kutoka huko barua zilikuja nyumbani. Nyingine ziliandikwa na askari mwenyewe, nyingine na rafiki yake aliyejua kalamu, na zote zilipita mikononi mwa mkaguzi kabla hazijafika. Kijijini zilipokelewa na mama au mke asiyejua herufi, nazo zilisomwa na mwalimu, na katekista, au na mtoto.

Desturi hiyo haikuisha na vita. Sisi pia, tulipopelekwa kijijini wakati wa likizo, tulikuta barua za baba zikitungoja ndani ya kikapu cha nyanya, juu ya dari, zimefungwa kwa kitambaa. Ya karibuni ilisomwa kwanza. Kisha zilisomwa zilizotangulia, hata za mwaka juzi ambazo habari zake zilikuwa zimekwisha pita: ng'ombe aliyeulizwa hali yake alikuwa amekufa, na deni lililotajwa lilikuwa limelipwa. Nyanya hakujali. Alifumba macho na kusikiliza, na kwenye salamu aliitikia kwa sauti kama mtu aliye mbele ya mwanawe.

Kazi hiyo ilikuwa na mashaka yake. Mtoto ndiye wa kwanza kujua kwamba mjomba ameumia, au kwamba fedha hazitakuja mwezi huu, naye yuko peke yake na habari hiyo katikati ya watu wazima wanaomtazama mdomo. Wengi wetu tulijaribu kuruka. Lakini nyanya, ambaye hakuweza kuitofautisha A na B, alijua. Aliijua sauti ya mjukuu wake inapopita juu ya shimo. "Rudi pale," alisema, bila kufumbua macho. Nasi tulirudi. Tumesoma vitabu vingi juu ya namna ya kufundisha kusoma, na hatujaona mwalimu aliyesikiliza kwa makini kuliko mwanamke yule.

Kitabu kilichozaliwa sebuleni

Miongoni mwa vitabu vya Kiswahili vilivyozunguka katika shule na nyumba za Afrika Mashariki kilikuwamo Kisiwa chenye Hazina, ambacho Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, alikitafsiri kutoka katika Kiingereza cha Robert Louis Stevenson. Tulikipenda kwa ajili ya maharamia, mtu wa mguu mmoja na kasuku wake. Hatukujua wakati huo kwamba kitabu hicho chenyewe ni mtoto wa nyumba iliyosomeana.

Stevenson alizaliwa Edinburgh, Uskochi, mwaka 1850. Alikuwa mtoto wa kifua kibovu, mwenye usiku mwingi wa kukohoa na kukosa usingizi. Yaya wake, Alison Cunningham, alimsomea Biblia na vitabu vya dini saa nyingi, na alipokuwa mtu mzima, mwaka 1885, alimtolea yaya huyo heshima ya kitabu chake cha mashairi ya watoto. Baba yake, Thomas, alikuwa mhandisi wa minara ya taa za baharini, mtu mwenye dini na mwenye sura ya ukali. Lakini mtoto aliposhtuka usiku kwa hofu, mhandisi huyo alisimama mlangoni na kuigiza mazungumzo na watu wasiokuwapo, waendesha magari ya farasi na wenye nyumba za wageni, hata mtoto akasahau hofu yake na kulala.

Ikapita miaka. Mwaka 1881, mwezi wa Agosti, Stevenson alikuwa amepanga nyumba huko Braemar, katika milima ya Uskochi, pamoja na wazazi wake, mkewe, na Lloyd, mtoto wa mkewe, aliyekuwa na umri wa miaka 13. Mvua haikukatika. Ili kupitisha siku, ilichorwa ramani ya kisiwa kwa rangi, na kutokana na ramani ile Stevenson akaanza kuandika, sura moja kwa siku. Alichoandika asubuhi aliwasomea jamaa zake wote baada ya chakula cha mchana. Lloyd aliweka sharti kwamba wanawake wasiingizwe katika hadithi. Lakini aliyenaswa kuliko mtoto alikuwa babu, yule yule mhandisi mkali. Ilipofika zamu ya kufunguliwa sanduku la baharia Billy Bones, mzee Thomas alitumia sehemu kubwa ya siku kuandika, nyuma ya bahasha ya kisheria, orodha ya vitu vinavyostahili kuwamo, na mwanawe akaifuata orodha hiyo kama ilivyokuwa. Jina la merikebu ya Kapteni Flint, Walrus, nalo lilitoka kwake.

Tumeisimulia habari hii kwa kirefu kwa sababu mbili. Kwanza, huonyesha kwamba mzazi mwenye cheo na heshima zake hapungukiwi kitu akiingia katika mchezo wa hadithi. Thomas Stevenson alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60 alipoketi kuhesabu vitu vya haramia. Pili, kitabu ambacho askari wa Uganda alikisoma kwa kidole katika kibanda cha bati kilikuwa kimepita njia hiyo hiyo tangu mwanzo, kutoka kinywa cha mtu mzima kwenda sikio la mtoto wa nyumbani, ijapokuwa njiani kilipita baharini na katika lugha mbili.

Pwani yetu haikungoja Waskochi kuijua desturi hiyo. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu aliyepigana na majeshi ya Seyyid Said, alikuwa mgonjwa. Akamwita bintiye Mwana Hashima na kumtungia utendi wa kumwachia. Naye Shaaban Robert aliwatungia watoto wake tenzi mbili, Hati kwa bintiye na Adili kwa mwanawe. Si kila kilichomo katika tenzi hizo kitawafaa wazazi wa siku hizi, na mabinti wa leo watakuwa na maneno ya kumjibu Mwana Kupona. Hilo ni zuri pia.

Na jirani zetu wa Kenya wanayo habari inayofaa kukumbukwa. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwezi Mei 2025, alisoma katika Chuo Kikuu cha Makerere hapa kwetu kati ya 1959 na 1964. Katika kitabu chake Decolonising the Mind, cha mwaka 1986, ameeleza jinsi familia yao ilivyozunguka moto jioni, wakubwa na wadogo wakisimulia hadithi kwa Kigikuyu, na jinsi watoto walivyozirudia kesho yake kwa wenzao waliokuwa wakichuma pareto, majani ya chai au kahawa. Shuleni lugha hiyo ya jioni ikawa kosa la kuadhibiwa kwa fimbo. Baadaye, mwaka 1978, akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti, aliandika riwaya yake Caitaani Mũtharaba-inĩ kwa lugha ile ile, juu ya karatasi za chooni. Ilipochapishwa mwaka 1980 watu waliifanyia jambo ambalo wachapishaji hawakulitazamia. Familia zilikutana kila jioni na mmoja ajuaye kusoma akawasomea wote hadi kitabu kikaisha. Wafanyakazi walifanya hivyo saa ya chakula. Hata katika vilabu vya pombe walitokea wasomaji ambao, wakifika mahali patamu, waliweka kitabu mezani mpaka bilauri zao zijazwe. Baba zetu hawakuwa na ujanja huo. Labda ni kwa kuwa mama alikuwa karibu.

Lugha ya kizuizini

Sasa twaja kwenye jambo ambalo halizungumzwi sana katika mabweni. Kiswahili katika Uganda kina historia nzito. Raia wengi waliokua katika miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980 walikisikia kwanza kwenye kizuizi cha barabarani, kutoka kwa mtu mwenye bunduki: toa kitambulisho, shuka, lala chini. Mwaka 1973 kilitangazwa kwa amri kuwa lugha ya taifa, na amri ile haikukifanya kipendwe. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 kilifanywa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hayo ni mema. Lakini wako wazazi wanaoogopa hadi leo kusikia lugha hiyo usiku mlangoni, na hatuwezi kuwalaumu.

Watoto wa kambi tulikuwa na bahati ambayo wenzetu wa mtaani hawakuipata. Sisi pia tuliisikia lugha hiyo ikiamrisha, kila siku, tangu alfajiri. Lakini usiku tuliisikia ikimcheka sultani pamoja na Abunuwasi, ikimlilia Adili, na ikishindwa kutamka neno refu. Tuliposikia baadaye kwamba Kiswahili ni lugha ya majambazi na wauaji tulistaajabu, kwani kwetu kilikuwa na harufu ya mafuta ya taa na miguu ya baba iliyotoka katika buti. Yuko mmoja wetu ambaye baba yake aliondoka siku moja na kikosi chake asirudi. Nguo zake ziligawanywa kwa ndugu. Kitabu kilichukuliwa na mtoto, chenye alama nyeusi ya kidole pembeni mwa kila ukurasa, na mpaka leo anapofika kwenye maneno fulani anayasoma kwa kosa lile lile la baba yake, kwa makusudi, naye ni mwalimu wa lugha.

Jamaa walio mbali

Itasemwa kwamba askari wa siku hizi hana nafasi. Ni kweli kazi imekuwa kubwa. Askari wa polisi huingia zamu usiku na kutoka watoto wakiwa shuleni. Askari wa kike hufanya zamu hiyo hiyo na kurudi kwenye kazi ya pili inayomngoja jikoni. Wanajeshi wa Uganda walianza kupelekwa Somalia mwezi Machi 2007, chini ya Umoja wa Afrika, na kwa miaka mingi vikosi vimepishana huko, mtu akikaa mwaka mzima au zaidi mbali na nyumba yake. Mtoto aliyeachwa akitambaa hukutwa akikimbia, na amwonapo mgeni mwenye mzigo mlangoni hujificha nyuma ya mama. Askari wengi wametuambia kwamba dakika ile iliwaumiza kuliko mambo waliyoyaona huko walikokuwa.

Wengine duniani wamekutana na tatizo hilo. Mwaka 1989, huko San Diego, Marekani, Betty Mohlenbrock, mke wa ofisa wa jeshi la majini, alianzisha mpango uitwao United Through Reading. Baharia aliyekuwa akienda safari ya miezi mingi alirekodiwa akisoma kitabu cha watoto; kanda ile ikapelekwa nyumbani, pamoja na kitabu chenyewe, na mtoto akawa akifungua kurasa huku akimwona na kumsikia mzazi wake. Mpango huo umeenea baadaye kwa wanajeshi wengine wa nchi hiyo. Wakati ule ilihitajiwa mitambo ya kanda. Leo simu ndogo iliyo mfukoni mwa konstebo huifanya kazi yote, na sauti ya dakika kumi hupita kwa gharama isiyozidi ile ya soda.

Twajua kwamba simu zina kanuni zake katika operesheni, na hatumshauri mtu azivunje. Anayerekodi asitaje mahali alipo wala aliye naye, asirekodi kwenye lindo, na aombe idhini pale inapotakiwa. Hadithi haihitaji habari hizo. Pia asingoje kwenda mbali. Afadhali arekodi kabla ya kuondoka, usiku mtulivu nyumbani, hadithi nne au tano, naye mama azihifadhi kwa kutolewa moja moja kama mgao. Asiyejua kusoma vizuri asione haya. Tumekwisha eleza juu ya neno refu. Na asiyekuwa na kitabu cha Kiswahili asome cha Kiacholi, cha Kilugbara, cha Kiteso, cha Luganda au cha Runyankore, lugha yoyote ambayo nyumba yake hucheka kwayo.

Yapatikane makala mawili ya kitabu kimoja, moja libaki na mtoto na la pili liingie katika begi la askari. Waliojaribu wametupa shauri moja dogo ambalo hatungelifikiri wenyewe. Mtoto mdogo hawezi kujua kutokana na sauti peke yake kwamba ukurasa umekwisha. Hubaki akitazama picha ya sungura ilhali baba amekwisha fika kwa fisi. Kwa hiyo msomaji, kila afikapo mwisho wa ukurasa, aseme, "Sasa fungua," angoje kidogo, ndipo aendelee.